Ujumbe wa Asubuhi Kutoka Mukebwa

Faili lilikuwa na kurasa nne tu. Watu kumi na mmoja wameuawa, na kazi nzima ya kuwahoji walio hai imekwisha kwenye kurasa nne, mmojawapo ukiwa ni orodha ya vitu vilivyokamatwa: simu moja, kandambili jozi moja, ufunguo wa sanduku la antena. Inspekta Mouna Aboubakar aliusoma ukurasa wa tatu amesimama, kwa sababu hasira ilikuwa imemnyanyua kitini.

"Nani aliandika PV hii, haya mahojiano?" aliuliza.

Karani wa ofisi akamtaja mwenzao mmoja, akaongeza kwamba ameshapanda boti kwenda Moba kwa kazi nyingine.

"Ameenda kuharibu na kule," Mouna alisema.

Ukurasa wenyewe ulisema hivi: mshukiwa Hippolyte, mlinzi wa sanduku la antena kijijini Mukebwa, aliulizwa mara sita Philomène ni nani. Mara sita alitazama ukuta. Mwishoni akasema, "Ni mama yangu." Mama wa mshukiwa alifariki mwaka wa 2009. Kwa hiyo mshukiwa anadanganya, na huyo Philomène ni mshirika wake. Kisha sahihi, kisha muhuri, kisha basi.

Ilikuwa saa tatu ya asubuhi, siku ya Ijumaa. Saa tisa ya mchana Meja Nicolas, mwendesha mashtaka wa jeshi, angempakia Hippolyte kwenye gari mpaka uwanja wa ndege, na kutoka hapo Lubumbashi. Katika mwaka ule wa 2017, mtu aliyepelekwa kule na faili la namna hii, familia yake iliacha kumwekea chakula.

Mouna alikuwa amefanya kazi ya upelelezi Kalemie miaka ishirini na sita, na jambo hili la antena alilijua tangu lilipoanza. Zamani mtu wa Mukebwa akitaka habari za mjini alitembea siku mbili, au alipanda mlima na simu mkononi akitafuta rezo, yaani mtandao, kama anayetafuta mbuzi aliyepotea. Akifika mjini alikuta dukani kwa Casimir, mfanyabiashara wa pale, saa moja ya intaneti inauzwa bei ya kuku. Ndipo vijiji saba vya njia ya Nyunzu vikafanya chama. Wakasimamisha antena kubwa mlimani juu ya mji, na kila kijiji kikapata sanduku lake na bamba lake la jua. Karatasi ya kuingia mtandaoni siku nzima ikauzwa bei ya fungu la ndakala, dagaa wa ziwani, na hata bibi kizee aliweza kuuliza hali ya mjukuu wake aliye Kigoma.

Vita vya mishale vilipowaka na watu wakakimbilia makambini Kalemie, chama kiliweka sheria moja. Kila asubuhi, kabla mtu hajashika jembe, mlinzi wa kila sanduku aandike habari ya njia: nzuri au mbaya. Waliotaka kurudi mashambani kuchimba muhogo wao walisoma kwanza, ndipo wakaondoka.

Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi, ujumbe uliingia kwa jina la Hippolyte: *Njia nzuri. Askari wamepita. Philomène amepika, anawangoja.* Lori likatoka kambi ya Katanika na watu wake. Kwenye kijito cha Kalonda walikuwa wanangojwa kweli, lakini si kwa chakula. Askari walipofika walimkuta Hippolyte katikati ya maiti, damu mpaka viwikoni. Siku ile ile Meja Nicolas akatoa amri masanduku yote saba yafungwe.

Mouna alilikunja faili na kwenda kasho, chumba cha mahabusu.

Hippolyte alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, fundi baiskeli, mwembamba, mdomo umevimba upande mmoja. Mouna alimwambia ana masaa sita, na kwamba akidanganya atakuwa anakula masaa yake mwenyewe. Hippolyte hakusita. Alisema usiku wa Jumatatu alisikia filimbi za watu wa mishale porini. Asubuhi alikwenda sandukuni kuandika njia mbaya, na sanduku likakataa neno lake la siri. Akajaribu mara tatu. Ndipo akaliacha na kukimbia kwa njia ya mkato ili alikute lori barabarani. Alichelewa. Damu ilikuwa ya wale aliowatoa chini ya wenzao, akitafuta anayepumua.

"Alikuwepo?"

"Mumoja. Alipumua kidogo, kisha basi."

Mouna aliandika. Maneno yalikuwa yanashikana vizuri. Akauliza lile lililobaki.

"Philomène njo nani?"

Shingo ya Hippolyte ikakakamaa. Akageukia ukuta.

"Ni mama yangu."

"Mama yako alikufa. Imeandikwa hapa."

"Yule alikufa. Huyu ni mama."

"Mimi pia wananiita mama, hata wauza samaki. Ninakuuliza jina. Philomène njo yeye?"

"Mama Inspekta, uniulize kingine."

Mouna alipiga chuma cha mlango kwa kiganja mpaka mlinzi akaja kuchungulia. "Watu kumi na mumoja wamezikwa, na wewe unanichagulia maswali?"

"Unipige," Hippolyte alisema, bado anautazama ukuta. "Wale wengine walinipiga. Hilo sitasema."

Mouna alitoka nje kiganja kinamuuma. Kilichomkera zaidi ni kwamba, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, aliona labda yule mvivu aliyekwenda Moba hakukosea.

Pikipiki ya teksi-moto ilimpandisha mlimani kwa Tony, fundi wa mtandao, kijana mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Tony alikuwa amekaa chini ya antena yake iliyozimwa kama mtu anayelinda mgonjwa. Mouna alimtaka aeleze kwa maneno ya watu, si ya mashine, naye akaeleza. Kompyuta haionyeshi mwandishi yuko wapi. Inaonyesha jina na neno la siri tu. Lakini Jumanne, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, neno la siri la Hippolyte lilibadilishwa. Dakika ishirini baadaye ndipo ujumbe ukatumwa.

"Nani anaweza kubadilisha?"

"Watu wawili. Mimi, na Papa Casimir."

"Casimir wa intaneti ya bei ya kuku?"

Tony alicheka bila furaha. Casimir ndiye katibu wa chama, alisema. Antena ilipokuja wateja wake walimkimbia, na watu walidhani atakuwa adui. Badala yake alikuja mwenyewe, akatoa meza na daftari, akasema maendeleo hayana kinyongo. Walimpigia makofi.

"Na wewe Jumanne ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Nani alikuona?"

"Hii," Tony alisema, akionyesha antena.

Hilo halikumsaidia, na wote wawili walilijua. Mouna akauliza kama aliwahi kufika Mukebwa. Alifika, akalala siku nne wakisimika sanduku, na mpaka leo anakumbuka sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya Mama Bertille, anayewapikia wote wanaorudi kijijini.

"Na Philomène?"

"Philomène gani?"

"Anayepikia wanaorudi."

"Anayepika ni Mama Bertille, ninakuambia. Huyo mwingine simujui."

Mouna alitoa kalamu. Mtu anayetaka kujiokoa angesema anamjua kidogo, angeongeza neno hapa, angepunguza pale. Huyu alikuwa amekasirika tu kwa ajili ya sombe. Akaandika majina yote mawili kwenye karatasi, moja juu ya jingine, na mstari katikati, wala hakujua bado mstari ule ni wa nini.

Saa tano alikuwa Katanika. Watu wa Mukebwa waliobaki walikuwa wamekimbilia huko Jumanne jioni, na kama Philomène yu hai angekuwa miongoni mwao. Mouna alikwenda hema kwa hema. Aliuliza kwa upole, kisha bila upole. Hakuna aliyemjua Philomène. Wanawake waliokuwa wakimenya muhogo juu ya jiwe moja waliulizana wenyewe kwa wenyewe, wakatikisa vichwa, na mwenzao mmoja mzee akatikisa pamoja nao. Mouna aliona jua linapanda na masaa ya Hippolyte yanakwenda nalo.

Hatimaye mkuu wa safu ile alileta orodha ya kadi za unga na kuisoma kwa sauti, jina kwa jina. Alipofika la kumi na tisa, yule mzee aliyetikisa kichwa akainua kisu chake.

"Aa. Njo mimi."

"Nimekuuliza sasa hivi," Mouna alisema, anajizuia. "Ukasema humujui."

"Umeuliza jina hilo kama la muntu wa kweli. Hilo ni jina la ubatizo. Padri aliyenipa alikufa, na tangu hapo kadi ya unga tu njo inalikumbuka. Mimi ni Mama Bertille."

Mouna alikaa kwenye jiwe bila kukaribishwa. Akauliza kama Jumanne asubuhi alipika. Mama Bertille alimwangalia kama anayeangalia mtu asiyewahi kulala nje. Angepika na nini? Walikuwa porini tangu usiku, moto ukiwa marufuku, watoto wakizibwa midomo.

"Na Hippolyte ni nani wako?"

Mikono ya mzee ilisimama. Alisema polepole, kama anayetembea juu ya utelezi, kwamba ni mume wa mtoto wake Bertille.

"Amesema wewe ni mama yake."

"Aseme nini kingine? Kwetu mwanaume hatamuki jina la mama mukwe, mama ya bibi yake. Tukikutana kwenye njia anaingia majani, mimi ninaangalia mutoni. Miaka kumi na miwili anakula chakula changu, hajawahi kuniita."

"Hata akipigwa?"

"Akipigwa njo atasema? Atamuangalia namna gani mutoto wangu tena?"

"Na kuandika?"

"Kuandika ni kutamuka na mukono. Walipotuandikisha kwenye chama, hakutaka kushika kalamu. Alimutuma Bertille aende kusema jina langu la kadi."

Nyumbani kwa akina Mouna, watu wa pwani ya ziwa, mama mkwe aliitwa kwa jina na kutaniwa juu ya mchele wake. Hakuwahi kuwaza kwamba kwingine ni mwiko. Yule mwenzake wa PV hakuwaza. Walikuwa wamempiga mtu ngumi kwa sababu ya heshima yake, kisha wakaiandika heshima hiyo kuwa ndiyo hatia. Na yeye mwenyewe, saa mbili zilizopita, alikuwa amepiga mlango wa chuma.

"Mama," alisema, "ulisema jina la kadi alilisema Bertille. Aliyeandika ni nani?"

"Ule papa wa mujini. Mwenye duka la telefone."

Casimir alikuwa na nyumba ya vioo kwenye barabara kubwa, jenereta nyuma na kiyoyozi mbele. Tangu masanduku yafungwe, foleni ilikuwa imerudi. Ilianzia mlangoni ikazunguka ukuta: walimu, wachungaji, wanawake wa kambini na namba za simu zimeandikwa viganjani. Juu ya mlango bei mpya ilikuwa imebandikwa, na si ya kuku mmoja. Mouna aliwaacha askari wawili nje na kuingia.

Casimir alimpokea vizuri. Alikuwa mtu nadhifu, amevaa tai, wa kuzaliwa mjini, mwenye sauti ya mtu anayekubaliana nawe kabla hujamaliza. Alimhurumia Mouna kwa kazi ngumu, akawahurumia marehemu, akamhurumia na Hippolyte, kijana aliyeharibiwa na vita. Mouna aliomba daftari la wanachama akalipata mara moja. Akaanza kulifungua ukurasa kwa ukurasa, bila haraka, akiuliza hiki na kile. Mukebwa ni nyumba ngapi. Sanduku linakaa kwa nani. Wanaorudi wanapikiwa na nani.

"Philomène," Casimir alisema.

Mouna alifungua ukurasa mwingine. "Umekwisha kufika kule?"

"Mimi? Tangu vita ianze sijavuka hata daraja la Lukuga."

"Basi umemujua wapi?"

"Kila muntu anamujua, Mama Inspekta."

"Mimi nimemutafuta Katanika nzima kwa jina hilo. Hakuna anayemujua. Waliokaa naye jiwe moja hawamujui. Yeye mwenyewe hakujijua, mpaka tulipomusomea kadi." Aligeuza daftari limwelekee Casimir. "Namba kumi na ine. Philomène, kupikia wanaorudi. Mwandiko wako. Ukiacha kadi ya unga, jina hili linaishi ndani ya droo ya meza yako tu."

Casimir aliangalia mstari ule. Akasema kwamba hilo halimaanishi kitu, kwa kuwa ujumbe uliandikwa na Hippolyte, na Hippolyte ni wa kijiji kile kile, atakosaje kumjua.

"Hippolyte amemuoa mutoto wake."

"Na kisha?" Casimir aliuliza.

Aliuliza kwa moyo safi, nyusi zimeinuka, akingoja aelezwe. Mouna alingoja pia. Alimpa nafasi ya kuelewa, akaona haelewi, akafunga daftari.

"Na kisha jina la mama mukwe huwezi kulitaja, wala kuliandika. Hakuna mwanaume mwenye bibi kwenye njia ya Nyunzu asiyejua hilo. Fundi Tony halijui hata jina lenyewe. Wenye funguo za kubadilisha neno la siri ni wawili, na mumoja tu njo angeweza kuandika mstari ule bila kusikia aibu. Kaa chini."

Alikaa. Kwa muda akaongea juu ya wakili. Kisha kiyoyozi kikazimika na jenereta ikakohoa, naye akaanza kusema mengine, akiangalia foleni kupitia kioo. Hakutaka mtu afe. Alijua barieri, kizuizi cha askari barabarani, ingelirudisha lori, kama ilivyorudisha mengine. Watu wangerudi kambini wamekasirika, wangesema rezo ya vijiji inadanganya, chama kingekufa chenyewe. Angejuaje kwamba alfajiri ile barieri imeondolewa? Nani alimwambia?

"Hukuuliza," Mouna alisema. "Wao waliuliza. Waliuliza rezo yao, na wewe ukajibu."

"Nilitaka tu wasiiamini tena."

"Chakula uliongeza cha nini?"

Casimir aliifuta meza kwa kiganja.

"Njia nzuri, askari wamepita, ingetosha. Chakula cha nini?"

"Ili waondoke mapema," alisema mwishowe. "Wenye njaa hawaulizi mara mbili."

Mouna aliinuka. Miaka ishirini na sita hakuwahi kumpiga mshukiwa, na siku ile hakumpiga. Alichukua daftari na simu ya Casimir, akawaita askari. Alipotoka aliibandua ile karatasi ya bei mlangoni, akaitia mfukoni pamoja na vielelezo vingine.

Saa tisa kasoro robo, gari la jeshi lilikuwa linanguruma mbele ya ofisi ya Meja Nicolas. Hippolyte alikuwa ameketi barazani, mikono imefungwa, mlinzi pembeni yake. Meja alikuwa mtu wa Kongolo, mbele ya Nyunzu kwa njia ile ile, mwenye pete ya ndoa na kalamu tatu mfukoni. Alimsikiliza Mouna mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema anayo amri iliyosainiwa na ndege isiyongoja. Yule mfanyabiashara amekiri mbele ya mama mwenye hasira, na kesho atakana. Hippolyte alikutwa na damu. Kuhusu mama mkwe, alisema, mahakama haifanyi kazi kwa mila za vijijini.

"Meja, nikutegee kitendawili?"

"Mama, sina muda wa vitendawili."

"Ni kifupi. Mudomoni mwa kijiji kizima ni neno, mudomoni mwa muntu mumoja ni kaa la moto."

Meja alitazama saa yake.

Mouna aliweka karatasi nyeupe mezani na kumsogezea. "Mama ya bibi yako anaitwa nani?"

Mlangoni, dereva wa Meja aligeuka akatazama barabara.

Meja alifungua mdomo. Akaufunga. "Hilo halihusiani," alisema.

"Kama ni vigumu kutamuka, uandike. Kalamu unazo tatu. Mahakama haifanyi kazi kwa mila."

Alichomoa moja. Aliishika juu ya karatasi na nukta ya kwanza ikagusa, wino ukatanuka kidogo pale pale. Gari liliendelea kunguruma. Kalamu haikuendelea. Mwishowe Meja aliihamisha kutoka kwenye karatasi nyeupe kwenda kwenye ile amri, na kwa mkono wa mtu aliyekasirika akakata jina la Hippolyte mistari miwili.

"Lubumbashi wanangoja muntu mumoja," alisema bila kuinua macho. "Niwaambie nini?"

"Casimir yuko ndani ya gari tangu robo saa. Ana tai."

Barazani mlinzi alifungua kamba. Hippolyte alisugua vifundo vya mikono yake, akasimama, akashika nguzo. Hakuomba maji, wala hakuuliza nani aliyemponza. Aliangalia mlima, mahali antena ilipo, kisha akamwangalia Mouna, kisha yule mtu wa kalamu aliyetokea mlangoni.

"Tangu Jumanne," alisema, "nani anaandika njia?"

Dereva alizima injini. Masanduku yote saba yalikuwa bado yamefungwa.

"Meja," Mouna alisema, "umeulizwa."